Picha za Mkwe Zilizojaa Anga

"Mwambie mume wako kwamba anga haliliwi," nikasema. "Na mwambie hakuna mkulima atakayetundika ukutani kwake picha ya mahali pasipoota chai."

"Mama, amesikia," Kemuma akanijibu kutoka mlangoni. "Yuko hapo nje. Hata kule sokoni Ekerenyo wamesikia."

"Kusikia si kuambiwa. Mwambie."

Kemuma akageuza shingo. "Baba Marion, Mama anasema anga haliliwi."

"Mwambie Mama nimeshukuru," ikajibu sauti ya nje, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo.

"Sitaki shukrani. Nataka chai!"

"Persis," mume wangu Abner akaguna, naye akiwa huko huko nje, "unamtusi mkwe."

"Simtusi mkwe. Nazungumza na binti yangu. Kama kuna mtu amekaa nyuma ya ukuta wa jiko langu anasikiliza mambo ya mama na bintiye, aibu ni yake."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumeketi alasiri ile ya mwaka wa sabini na tatu. Mimi nilikuwa ndani, kwenye kigoda kando ya mafiga, picha zimejaa mapajani. Kemuma alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama mkalimani wa mahakama. Thadeus, mkwe wangu, alikuwa kwenye benchi nje pamoja na Abner. Kati yetu palikuwa na ukuta wa udongo, na kitu kinene kuliko ukuta, ambacho sisi Wagusii tunakiita ensoni. Ni haya, ni heshima, na ni sheria. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono. Haingii nyumba anayolala, wala hapaswi kuona vitu vyake vya ndani. Mama mkwe naye hujitenga vivyo hivyo. Nimesoma, nina diploma ya ualimu, nafundisha wasichana uchoraji na upishi, lakini sijaona sababu ya kuvunja sheria inayoniepusha na kukodolewa macho na mkwe nikiwa napika. Isitoshe, sheria inakataza macho. Koo haikulitaja.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Thadeus alikuwa msaidizi katika studio ya picha mjini Kisii. Tajiri wake alikuwa anahamishia duka Mombasa, na alikuwa amemwambia Thadeus afunge mizigo, yeye na mke na mtoto. Njia ya kubaki ilikuwa moja tu. Chama cha ushirika cha wakulima wa chai kilitaka picha ya kalenda ya mwaka uliofuata, picha moja kubwa ya mashamba yetu, na yule ambaye picha yake ingechaguliwa angeajiriwa kuwa mpiga picha wa chama. Katibu wa chama, Angwenyi, mtu wa maneno machache na miwani minene, angefika studio kesho yake asubuhi kuchagua. Kesho, si siku nyingine. Na mjukuu wangu Marion alikuwa ameanza juma lile kusimama akishikilia mguu wa kigoda changu. Sikuwa na nia ya kumwacha ajifunze kutembea Mombasa, akishikilia vigoda vya watu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeagiza picha zote ziletwe. Niseme haki ya mtu: hakuna mjini Kisii aliyemshinda Thadeus kuosha filamu ndani ya chumba cha giza. Hata bibi harusi aliyekuwa amelia njia nzima, ukimketisha mbele ya pazia la studio, alitoka kwenye picha akiwa mzuri. Lakini kijana huyu hakuwahi kupiga kitu ambacho hakikukaa kwenye kiti, na hilo lilionekana.

Nikachukua picha nyingine. "Hii ni wapi?"

"Kilima cha Manga, Mama."

"Kilima amekipiga kana kwamba kinakwenda kuchukua kitambulisho. Uso mbele, mabega sawa, masikio yote mawili yanaonekana. Amebakiza tu kukiambia kivue kofia. Mwambie kilima hakipigwi kifuani. Asogee pembeni, apande kidogo, aiache ile njia iingie kutoka kona ya chini, ndipo macho yapate pa kupita. Macho ya mtu ni kama mgeni. Usipomwonyesha njia, husimama langoni."

Kemuma akapeleka maneno hayo nje, akiyapunguza makali, nami nikamsikia akiyapunguza.

"Kitambulisho hukukitaja!" nikamkumbusha.

"Mimi naiona buya mono," Abner akasema.

Buya mono, yaani nzuri sana. Ndiyo maneno ambayo mume wangu aliyatamka kwa kila picha tangu tulipomaliza kula. Ukimwonyesha Abner jivu atakwambia buya mono, na atakushukuru kwa kumletea. Yeye ndiye aliyetufikisha pale. Kwa mwezi mzima Thadeus alileta picha, na kwa mwezi mzima baba mkwe akamlisha sukari, mpaka siku ya mwisho ikagonga mlango.

"Abner," nikamwita, "mtoto akikuletea hesabu mbili na mbili ni saba, unamwambia nini?"

"Namwambia amejitahidi."

"Ndiyo maana watoto wako walisoma kwangu."

Iliyofuata ilikuwa ya ng'ombe akilisha kando ya barabara, na mlingoti wa simu ukitoka katikati ya kichwa chake.

"Tangu lini ng'ombe wa jirani Nyangau amewekewa simu?" nikauliza. "Mwambie kabla hajabonyeza, aangalie nyuma ya kichwa cha kila kitu. Angesogea kidogo kushoto, mlingoti ungebaki mlingoti na ng'ombe angebaki ng'ombe."

"Mwambie Mama," Thadeus akajitetea, "ng'ombe ndiye aliyesogea."

"Mwambie si ng'ombe anayetafuta kazi."

Nikasikia Abner akicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Na hapa? Huyu mtu mrefu mweusi aliyelala juu ya majani ni nani?"

Kemuma akainama kuangalia. "Ni kivuli chake, Mama."

"Kalenda ni ya chai au ni ya Thadeus? Mwambie jua likiwa mgongoni, kivuli hutangulia. Na jua la mgongoni ndilo linaloua picha, linafanya kila kitu kuwa bapa kama chapati. Picha hizi hazina rangi. Kijani chote tunachojivunia hapa kinatoka majivu matupu. Cha kuonyesha shamba ni kivuli. Apige jioni, jua likija ubavuni, ili kila mstari wa chai ulalie kivuli chake na mtu aone kwamba ni mistari, si blanketi."

Picha ya barabara ya Ogembo sikupata nafasi ya kuikosoa. Marion alikuwa ameichukua sakafuni akaitafuna kona. Sikumnyang'anya haraka. Ilikuwa vumbi tupu, na kona ile haikuwa na hasara.

Kisha nikafika kwenye moja nikaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Nini tena?" Kemuma akauliza kwa hofu.

Ilikuwa picha ya migomba asubuhi, ukungu umelala katikati. Migomba ya mbele ilikuwa myeusi kabisa, majani yamechanika na upepo, kila mchaniko unaonekana. Ya nyuma ilikuwa imefifia, na nyuma yake tena kulikuwa na paa moja la nyasi, dogo, linatoa moshi.

"Alipiga wapi hii?"

"Kwao. Nyuma ya nyumba ya mama yake."

"Hii imekaa," nikasema, na nikapaza sauti kwa makusudi. "Mwambie hii imekaa, na mwambie ni kwa nini, asije akafikiri ni bahati. Ina karibu na ina mbali. Ukungu umetenganisha kitu na kitu. Na ule moshi unatuambia kuna mtu ameamka. Aliyepiga hii ndiye ninayemtaka. Ila haina chai hata kidogo, na Angwenyi hauzi ndizi."

Nje benchi likalia. Kisha Thadeus akasema, "Mwambie Mama ahsante," na safari hii uzi wa sauti yake ulikuwa umenenepa kidogo.

Hapo ndipo niliporudi kwenye zile za anga, na hapo ndipo hasira iliponirudia pia. Zilikuwa nyingi kuliko zote, na zote zilipigwa mahali pamoja, kwenye kichuguu kikubwa kilicho juu ya boma letu. Mahali alichagua vyema, siwezi kumkatalia. Hapakuwa upande wetu wote wa Nyamira mahali palipoonyesha chai kama pale. Mistari inaanza nyuma ya jiko langu, inashuka ikijipinda hadi mtoni, kisha inapanda ng'ambo mpaka inagusa mawingu. Ukisimama pale hata mtu asiye na macho angepiga picha nzuri.

Lakini picha zenyewe! Moja ilikuwa anga kutoka juu hadi chini, na ncha ya mkaratusi imechungulia pembeni kama mtoto aliyechelewa shuleni. Nyingine ilikuwa imeinama hadi nikataka kuweka beseni chini yake, bonde lisije likanimwagikia mapajani. Nyingine ilikuwa wingu. Nyingine ilikuwa wingu lile lile, limesogea. Na ya mwisho ilikuwa kiatu.

"Kemuma, hiki ni kiatu."

"Ni kiatu, Mama."

"Cha kushoto."

Kemuma akakunja mikono kifuani.

"Kamba haijafungwa hata vizuri. Mwambie mume wako Mombasa kuna anga pia, na viatu vipo. Akapige huko. Mtu aliyeandaliwa bonde zima na Mungu, akapanda juu yake, akatoa kamera, halafu akapiga kiatu, huyo ni mvivu au ni mlevi. Mwambie achague."

Kemuma hakugeuka nje. Aliingia jikoni, miguu yote miwili, akasimama mbele yangu.

"Si mlevi. Anafumba macho."

"Anafumba nini?"

"Macho, Mama! Pale juu, ukielekeza kamera bondeni unaona ua wako wote. Mlango wa jiko unaonekana. Kamba ya nguo inaonekana. Siku ya kwanza ulikuwa umeanika petikoti. Siku ya pili ulikuwa umeketi hapo nje unaosha miguu. Anaelekeza kamera, anafumba macho, anabonyeza. Au anaiinua juu mpaka hakuna kitu chako kilichobaki ndani yake. Ameharibu filamu kwa ajili ya heshima yako, na wewe tangu mchana unamwita mvivu kwa kinywa changu. Yeye ameshika ensoni mpaka akapiga kiatu. Wewe umeshika nini?"

Huko nje hakuna aliyesema buya mono.

Nikaziweka picha za anga chini, kile kiatu juu yake. Kisha nikauliza swali.

"Ile kamera yake si ile ya sanduku? Inayoning'inia kifuani, ukainama kuangalia kioo kilicho juu yake?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi hatazami mbele. Anatazama kioo kilicho tumboni mwake. Na kuinama mbele ya mama mkwe ni adabu, haijawahi kuwa kosa."

"Hapo pana neno," Abner akasema, na nikamsikia akijiweka vizuri kwenye benchi, maana hakuna anachopenda kama kesi. "Kama ni kioo, basi anachokiona si mtu, ni kivuli cha mtu..."

"Samahani, Tata," Thadeus akamkatiza baba mkwe wake kwa upole. "Kioo kinaonyesha yote. Kinaonyesha hata kuliko macho."

"Hapo napo pana neno," Abner akakubali mara moja. "Jambo hili ni zito. Tumwulize mzee Onchiri, yeye ndiye ajuaye mipaka ya ensoni. Jumapili, baada ya misa, tukae naye..."

"Jumapili!" nikasema. "Jumapili Angwenyi atakuwa amekwisha kuchagua picha ya mtu mwingine, na Marion atakuwa ndani ya basi anatapikia abiria. Kemuma, kamera ina picha ngapi zilizobaki?"

Kemuma akauliza nje, ingawa sote tulisikia jibu. "Mbili."

Nikachungulia kwenye kidirisha cha moshi. Jua lilikuwa limeshuka na lilikuwa linakuja ubavuni kabisa, kama nilivyokuwa nikipiga kelele liwe. Kila mstari wa chai ulikuwa umelalia kivuli chake. Shamba lilikuwa tupu, kwa sababu wachumaji wote walikuwa wamekwenda kupima majani kituoni. Na shamba lisilo na mtu haliwi shamba, huwa msitu uliopangwa vizuri.

"Anua nguo zote kwenye kamba," nikamwambia Kemuma. "Petikoti kwanza. Halafu mwambie mume wako apande kichuguuni na kamera. Sasa hivi, kabla jua halijatuacha."

"Na nani atasimama shambani? Mimi?"

Nikamtazama kutoka juu hadi chini. Alikuwa amevaa gauni la mjini na viatu vyenye soli nene kama matofali.

"Kwa viatu hivyo? Mkulima akikuona kwenye kalenda atafikiri umepotea ukienda harusini. Na hujachuma chai tangu uolewe. Mikono itasema."

Nikavua saa yangu ya mkononi nikaiweka rafuni. Nikajifunga kitambaa kichwani. Nikachukua kikapu cha kuchumia pale kinapoangikwa nyuma ya mlango.

Abner alikuwa amekuja mpaka kizingitini. "Persis. Unataka mkwe akutazame?"

"Atatazama mgongo. Ensoni ni ya uso, na mgongo hauna mkwe."

"Na kalenda itatundikwa kila nyumba! Hata kwa padri!"

"Basi padri naye atauona mgongo. Haujamkosea." Nikamwinua Marion nikamtia mikononi mwake. "Mshike huyu. Mwambie buya mono mpaka nirudi."

Nikangoja ndani mpaka nikasikia viatu vya Thadeus, cha kushoto na cha kulia, vimemaliza kupanda. Kisha nikatoka, nikazunguka jiko, nikaingia kwenye chai bila kuinua macho upande wa kichuguu. Sikusimama katikati ya shamba. Katikati ni pa kitambulisho. Nilishuka mpaka pale mistari inapoanza kujipinda kuelekea mtoni, nikajiweka upande wa kushoto, nikaupa mto uso na kichuguu nikakipa mgongo, nikaanza kuchuma. Kuchuma kweli, majani mawili na chipukizi, kwa sababu mtu anayejifanya anachuma huonekana hata akiwa mdogo kama njugu.

Kemuma alikuwa amesimama katikati ya mteremko, nguo zangu zimejaa mikononi.

"Mwambie afumbue macho!" nikapiga kelele nikiutazama mto.

"Ameyafumbua!"

"Yote mawili!"

"Yote mawili, Mama!"

"Anga aweke kidogo tu, kama chumvi! Na ule mkaratusi wa ng'ambo usinikae kichwani kama simu ya ng'ombe! Asogee!"

Nikasikia mawe yakiporomoka kutoka kichuguuni. Alikuwa amesogea. Kisha pakawa kimya, na kimya kikawa kirefu, mpaka nikaanza kufikiri kijana ameinamia kile kioo na haya imemrudia. Mgongo wangu ulianza kuwasha. Sijui kama ni jasho au ni kutazamwa.

Badala yake sauti yake ikashuka. "Kemuma! Mwambie Mama mkono wa kulia unafichwa na kikapu. Akisogeze."

Kemuma akageuka kwangu, na hata bila kumwona nilijua anatabasamu mpaka masikioni. "Mama, anasema—"

"Nimesikia."

"Kusikia si kuambiwa, Mama. Anasema mkono wako wa kulia unafichwa na kikapu."

Alikuwa na haki. Mchumaji asiyeonekana mikono ni gunia lililosimama. Nikakisogeza kikapu upande wa kushoto, nikainua mkono, nikachuma.

"Amepiga!" Kemuma akapaza sauti.

"Mwambie apige na ya pili. Huenda ya kwanza alifumba."

Kemuma akacheka akageuka kumwambia. Lakini kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka juu ya kichuguu, nene na wazi, wala haikupitia kwa Kemuma. Ilikuja moja kwa moja mgongoni kwangu.

"Nimekwisha kuipiga, Mama."

Sikugeuka. Kikapu kilikuwa bado hakijafika nusu, na mwanga ulikuwepo. Nikaendelea kuchuma.